Mstari Alioutoa Renda

Nashville, Tennessee
Machi 2, 1981

Kaka Garnett,

Keti kwanza ndipo usome. Umeketi? Haya. Nakuja kuimba nyumbani. Si kanisani, usinitolee macho. Ni kwenye ukumbi wa michezo wa sekondari yetu, Jumamosi ya mkesha wa Pasaka, pale pale ulipong'olewa jino kwa mpira wa kikapu ukalia mbele ya wasichana wote wa darasa lako. Nitakuja na mpiga fidla na mpiga besi, na jina langu wameshalibandika kwenye dirisha la duka la mbolea.

Ningepiga simu, lakini laini ile mnashirikiana nyumba nne. Zelphia Stidham angeshika mkonga wake akajua kabla yako, na mpaka jua linazama angekuwa ameshanichagulia gauni la kuvaa.

Ndani ya bahasha kuna tiketi tatu: yako, ya Wilma mkeo, na ya Mama. Ya Mama ni ya safu ya mbele. Garnett, kaka yangu, hilo ndilo ninalokuomba, mengine yote ni porojo. Mlete Mama.

Tangu tumzike Baba hajaniambia neno hata moja kuhusu wimbo ule niliomtungia Baba. Redio zinaupiga kuanzia huku mpaka Virginia. Watu nisiowajua wananishika mkono wananihadithia baba zao waliomalizwa na vumbi la makaa ya mawe. Lakini Mama, aliyekisikiliza kifua cha Baba kila siku mpaka mwisho, nikimpigia ananiuliza kama nakula vizuri, halafu ananiambia mvua imenyesha. Basi.

Najua ni gitaa. Sisi tumelelewa kwenye kanisa lisilo na kinanda wala chombo cha nyuzi. Baba alitoa mstari, akauimba peke yake, Mama na kanisa zima wakauitikia kwa kuurudia, na hakuna aliyehitaji chombo chochote zaidi ya koo lake. Nilipolibeba gitaa nikashuka nalo bondeni Mama alinifungia mkate wa mahindi kwenye kitambaa, hakunizuia. Ila hajawahi kuja kunisikiliza. Hata mara moja. Nataka aje mara moja tu.

Msalimie Wilma. Mwambie yule mbwa wenu nimemsamehe kuhusu viatu.

Mdogo wako,
Renda


Bear Wallow, Kentucky
Machi 11, 1981

Mdogo wangu Renda,

Kwanza, sikulia. Lilikuwa vumbi.

Pili, hongera. Hapa karakana ya mabasi ya shule hakuna anayefanya kazi tena, wote wananiuliza kama nitawapatia tiketi za bure. Ghafla nimekuwa mtu maarufu, mimi ambaye wiki iliyopita walinificha spana. Ndugu Elihu naye, mzee mzima wa kanisa, alikuja kutia upepo gurudumu lisilohitaji upepo, akazungukazunguka, mwishowe akaniuliza eti ukumbi ule paa lake bado linavuja? Nikamwambia sijui. Akasema itabidi mtu aende akaangalie siku hiyo.

Sasa Mama. Nilimpelekea tiketi Jumapili baada ya chakula. Aliishika, akaigeuza, akasoma jina lako, akaifuta kwa aproni kana kwamba nimeichafua. Halafu akanirudishia. Akasema, "Mpe mtu mwenye hamu." Nikamuuliza, Mama, nimwambie nini mtoto? Akasema, "Mwambie nimeshukuru."

Ndiyo hiyo nimekurudishia kwenye bahasha hii. Renda, usimkazanie. Wimbo wako ukianza redioni huwa anatoka jikoni anakwenda kusimama barazani mpaka uishe. Mimi sisemi ni kwa sababu gani. Nasema tu usimkazanie.

Mimi na Wilma tutakuja. Wilma anashona gauni, na mimi nimeambiwa nisile mpaka Aprili ili suruali ile ifunge.

Kaka yako,
Garnett


Nashville, Tennessee
Machi 20, 1981

Mama,

Shikamoo. Natumaini baridi imeanza kukuacha magoti.

Garnett amenirudishia tiketi. Nimeiweka juu ya meza nimeitazama siku nzima kama mjinga. "Mpe mtu mwenye hamu." Mama, haki ya Mungu, hayo maneno yameniuma kuliko kofi.

Kama ni gitaa, useme. Kama ni kwamba watu wanalipa ili wamsikie Baba akikosa pumzi, useme pia, maana na mimi huwa najiuliza nikiwa peke yangu. Lakini usiende kusimama barazani. Mimi si mvua, nisubiriwe nipite.

Niliuandika wimbo ule kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Siku ile ya mwisho kanisani uliona mwenyewe. Alisimama atoe mstari, akafungua mdomo, pumzi ikagoma. Watu wote wanangoja, na yeye amesimama tu, ameshika kiti. Ukamshika mkono mkatoka. Hakurudi tena kuimbisha. Nilikuwa nimeketi nyuma na sikufanya chochote. Kwa hiyo nikamwandikia wimbo.

Basi sikiliza. Kama hutakuja, nitauimba siku hiyo kwa sababu watu wamelipa, halafu nitauacha. Sitauimba tena popote. Waliourekodi watapiga kelele, na wapige. Siwezi kuendelea kuwaimbia watu wote habari za mume wako wakati wewe huutaki.

Nakupenda. Ninakula vizuri.

Mwanao,
Renda


Bear Wallow, Kentucky
Machi 30, 1981

Renda,

Wewe mtoto umeingiwa na nini?

Mama alinipa barua yako niisome. Aliniwekea tu mbele ya sahani yangu ya maharage akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa. Nimeisoma mpaka maharage yakapoa. Unamtishia Mama? Mjane? Kwa wimbo wa Baba? Ungekuwa karibu ningekuchapa na hicho kichwa chako kikubwa cha redioni.

Hajakasirika. Heri angekasirika, ningejua la kufanya. Lipo jambo ambalo hulijui, na mimi nimekatazwa kulisema, na aliyenikataza ni mtu ambaye huwa simvunjii neno. Kwa hiyo nimefunga domo, na kufunga domo kwangu unajua ni kazi ngumu kuliko kushusha injini. Ila nakuambia hili: si gitaa. Usiendelee kujipiga kwa ajili ya gitaa.

Sidhani atakuja. Usiangalie safu ya mbele, utajiumiza bure. Angalia ya tano, kushoto. Utaniona mimi na suruali iliyogoma kufunga.

Vitunguu pori vimeanza kuota mlimani. Wilma atakukaangia na mayai ukija, ukikubali kunuka wiki nzima.

Garnett


Bristol, Virginia
Aprili 20, 1981

Kaka Garnett,

Nakuandikia tukiwa njiani, wenzangu wameingia kula. Mimi nimebaki garini. Niambie kilichotokea Jumamosi, maana nilikuwa pale jukwaani na bado sielewi.

Nitakueleza nilivyoona mimi, halafu wewe unirekebishe.

Nilitazama safu ya tano kama ulivyosema. Nikakuona, nikamwona Wilma na gauni la kijani, na katikati yenu kofia nyeusi ya Mama, ile ya mazishi. Nusura nisahau maneno ya wimbo niliokuwa naimba. Nikaimba nyimbo zote za mwanzo nikiitazama kofia ile, na haikutikisika. Watu wanapiga makofi, kofia imetulia. Watu wanacheka nilipomtaja Zelphia na laini ya simu, kofia imetulia.

Ulipofika wakati wa wimbo wa Baba nikaweka gitaa chini. Najua uliniambia si gitaa. Sikukuamini. Nilisema moyoni, kama amekuja mara hii moja, basi ausikie mtupu, kwa koo langu tu, asiwe na sababu yoyote ya kwenda kusimama barazani. Nikawaambia wenzangu nao waache vyombo. Nikafunga macho nikaanza:

"Baba alitoka mgodini, giza likamfuata nyumbani."

Na hapo, Garnett, koo likafunga. Sikupanga. Nilimwona Baba ameshika kiti. Pumzi ikagoma kama ilivyomgomea yeye, nikasimama pale mdomo wazi na ukumbi mzima kimya.

Nilipofungua macho kofia nyeusi ilikuwa imesimama. Nikajua anaondoka. Nilijua kabisa, nikasema moyoni, haya, umeyataka mwenyewe.

Halafu nikamsikia. Sijawahi kusikia sauti ile peke yake, siku zote ilikuwa ndani ya sauti za wengine. Aliuchukua mstari wangu akaurudisha polepole, kila silabi akaivuta mpaka mwisho wake, kama wanavyofanya kanisani. Mwanamume mmoja nyuma akapiga kelele, "Mama, kaa chini bwana, tumekuja kumsikia yeye!" Mama hata hakugeuka. Na kutoka upande wa mlango ikaingia sauti nzito, nikajua ni Ndugu Elihu. Kisha wazee wote wa Bear Wallow, mmoja huku, mmoja kule. Nikatoa mstari wa pili. Ningefanya nini? Wakauitikia. Nikatoa wa tatu.

Ndipo akaanza kutembea. Akaja mpaka chini ya jukwaa, anaimba, na mkono ameunyoosha. Nilidhani anataka kunishusha. Kumbe alikuwa ananipa mkono, vile wanavyopeana mikono wakiimba kanisani, dada kwa dada. Ilinibidi nipige magoti ili niufikie.

Nilipomaliza kukusanya vyombo nikatoka mbio, pikapu yako haipo. Hakuna aliyeniaga. Jana Pasaka nzima nimepiga simu, inaita tu, mpaka Zelphia akaingia kati akaniambia mmekwenda kanisani. Kwa nini mliondoka? Nimemkosea nini tena? Na hilo jambo ulilokatazwa kulisema, Garnett, sasa liseme.

Renda


Bear Wallow, Kentucky
Aprili 26, 1981

Mdogo wangu,

Nimemwomba Mama ruhusa. Akasema, "Mwandikie, kwani nimebakiwa na siri gani, nimeimba mbele ya kaunti nzima." Kwa hiyo nakuandikia kwa moyo mweupe.

Mama hajaimba tangu Baba azikwe. Hata mara moja. Si kanisani, si jikoni, wala pale anapowamwagia kuku mahindi, na unakumbuka alivyokuwa akiwaimbia kuku. Kanisani anakaa mahali pake, kitabu kimefunguliwa, Ndugu Elihu anatoa mstari, watu wanaitikia, na Mama amefunga mdomo. Mwanzoni tulisema ni msiba, utapoa. Mwaka ukapita. Akina mama wa kanisa wakaja kumwombea, akawapikia kahawa, akawashukuru, na Jumapili iliyofuata akafunga mdomo vile vile.

Nilimuuliza mara moja tu. Aliniambia, "Garnett, mimi nimemwitikia baba yenu, Hobart, tangu nikiwa msichana. Akitoa mwingine sisikii kama nimeitwa mimi." Nikaenda kupasua kuni.

Akanikataza nisikuambie. Alisema, "Renda ataona wimbo wake ndio ulioniziba, naye ataacha kuimba." Na barazani alikuwa anakwenda kwa sababu, Renda, unapoanza mstari una sauti ya Baba. Ile ile, inayopanda mwishoni. Alikuwa anatoka nje ili asiitikie redio. Aliona ni wazimu, mwanamke mzima kuitikia redio.

Sasa barua yako ile ya vitisho. Mimi nilikukaripia, lakini ndiyo iliyomleta. Jumamosi nilikwenda kumuaga tu, nikamkuta ameketi ndani ya pikapu, kofia kichwani, mkoba mapajani. Akasema, "Unangoja Krismasi? Twende." Tukaenda mpaka tukavuka daraja. Halafu akasema, "Baba yenu alinyamaza kwa sababu pumzi iliisha. Huyu anayo, naye anataka kunyamaza?" Wilma akanifinya. Nadhani Mama mwenyewe alisikia alichokisema, maana aligeuka akatazama dirishani muda mrefu.

Na sasa kilichotokea ukumbini, nilivyoona mimi niliyekaa ubavuni mwake. Alikuwa anasikiliza vizuri, mikono imetulia. Ulipoweka gitaa chini akanong'ona, "Anafanya nini huyu?" Ukatoa mstari. Ukanyamaza. Renda, wewe unasema koo lilifunga. Mama hakujua. Mtu wa Bear Wallow akitolewa mstari kisha akaachiwa nafasi, atafanya nini? Atasimama aitikie. Alikuwa amesimama kabla hajajua amesimama. Hata mimi mdomo ulishafunguka, ila Mama aliniwahi.

Ndugu Elihu niliyekuwa namtafuta kwa macho tangu mwanzo alikuwa amejibanza mlangoni, eti anaangalia paa. Alipoanza kuitikia alivua kofia.

Tuliondoka kwa sababu wimbo ulipoisha na watu wakasimama wakipiga makofi, Mama alizinduka. Alinishika kiwiko akasema, "Nitoe hapa. Nimemharibia mtoto kazi yake." Alidhani wanapiga makofi ili kufunika aibu. Wilma alimwambia, mimi nikamwambia, hasikii. Njia nzima anasema, "Alinitolea mstari. Si alinitolea? Ningefanya nini?" Mimi namwambia, ndiyo Mama, alikutolea. Naye anasema, "Watu wamelipa, na mimi nimesimama kama mlevi."

Pasaka aliamka akaoka mkate wa mahindi. Kanisani Ndugu Elihu akatoa mstari. Mimi nilikuwa namtazama kwa pembeni. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Sauti haikutoka. Sitakudanganya kwamba ilitoka.

Mwandikie. Usimwandikie kama mwimbaji wa redioni. Mwandikie kama mtoto wake.

Kaka yako,
Garnett


Nashville, Tennessee
Mei 2, 1981

Mama,

Shikamoo.

Ndiyo, nilikutolea. Sikujua kama ninakutolea wewe, lakini mstari ule ulikuwa wako, na ungekaa kimya ningebaki nimesimama pale mpaka leo. Hukuniharibia kitu. Koo lilikuwa limefunga na wewe ukalifungua. Nilidhani nimekuja kukuimbia, kumbe nilihitaji mtu wa kuniitikia.

Wamiliki wa studio wamesikia habari. Wanataka kila mahali niendapo niweke wazee ukumbini wanaoitikia, iwe sehemu ya onyesho. Nimewaambia hapana. Wimbo nitauimba, sitauacha, nimekosea kukutishia na naomba unisamehe. Lakini ule wa Jumamosi ni wa Bear Wallow tu.

Sijui niseme nini kingine. Magoti yako hayaumi? Ninakula vizuri.

Renda wako


Bear Wallow, Kentucky
Mei 10, 1981

Renda mwanangu,

Usicheke mwandiko wangu. Garnett alitaka kuniandikia nimemfukuza, ana mafuta ya basi mikononi.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimekusamehe kitisho. Na wewe nisamehe ile tiketi. Mtu mwenye hamu nilikuwa mimi, ndiyo maana niliogopa.

Nilidhani nimekutia aibu mbele ya watu. Zelphia Stidham ameniambia kwenye simu kwamba watu walilia, nikamwambia Zelphia wewe unalia hata kwenye mnada wa ng'ombe. Lakini sasa umesema wewe, nimeamini.

Kanisani bado. Ndugu Elihu ni mtu mwema na anatoa mstari vizuri, wala simlaumu. Nafungua mdomo, sauti haiji. Mungu anajua ninajaribu. Ila juzi niliwaimbia kuku. Jogoo alikimbia, amenisahau.

Wimbo wako una kosa moja. Una beti mbili tu. Unamwacha Hobart kitandani anatafuta pumzi halafu unakwisha, na watu wanapiga makofi naye bado anahema. Baba yako hakutoa wimbo wa namna hiyo hata siku moja. Alikuwa anawafikisha watu. Mwandikie ubeti wa tatu, umtoe pale kitandani. Nawe ulale kidogo, upunguze mbio, uandike polepole.

Jumapili ya kwanza ya Juni ni ya makaburini, tunakwenda kusafisha kaburi na kula pale juu kama kila mwaka. Mwaka jana tulisimama kaburini kwake hakuna aliyetoa mstari, kila mtu alimwachia mwenzake. Najua kanisani wanaotoa ni wanaume. Pale juu si kanisani, ni kwetu, na aliyelala pale ni mume wangu. Nimemwambia Ndugu Elihu kwamba mwaka huu atatoa binti wa Hobart. Alikohoa kidogo akasema atakuja kuangalia uzio.

Kwa hiyo uje. Gitaa liache ndani ya gari. Jua likiwa kali tutalifunika kwa blanketi la viraka, maana najua unalipenda gitaa lako. Wewe simama upande wa kichwani kwake, utoe mstari kama ulivyoutoa siku ile, halafu unyamaze uningoje. Sauti yangu ikichelewa usiogope, usiingize sauti yako kunisaidia. Ningoje tu.

Mimi nitaitikia.

Mama yako,
Ollie Amburgey